Mkubwa wa mashamba asiyekuwa na shamba

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Goma. Tunayaandika kwenye jarida kwa ajili ya wale waliobaki vijijini wakashindwa kufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Komite ilituomba sisi tunaozunguka vijijini tuseme juu ya kesi moja ambayo imegawanya wanachama. Kila mmoja hapa anaijua. Kuko pesa kidogo kwenye sanduku letu, na kuko nyingine iliyoahidiwa na wafadhili. Wanachama wengine wanasema: tuchukue pesa yote, tukodi hekta nyingi mahali pamoja ndani ya konsesio ya mtu, tutafute direktere aliyesoma, trakta ije, sisi wote tuwe wafanyakazi wa shamba lile, na mwisho wa mwaka tugawane faida. Wengine wanasema: hapana, kila mtu alime pale anapolima, na pesa inunue balansi, ijenge depo, itafute mbegu nzuri, na ilipie karatasi za ardhi.

Sisi hatukuja kupiga kura. Kura ni yenu. Lakini katika mikutano ya vikundi tumesikia neno moja likirudi kila mara: "Tunahitaji mkubwa, mtu anayejua kuongoza shamba kubwa." Neno hilo ni la kweli. Basi tukasema, tutafute mtu aliyeongoza kilimo kikubwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, tuangalie kazi yake ilikwenda namna gani, ilifaulu wapi na ilikwama wapi. Tumemleta mmoja. Lakini kabla ya kumtaja, tukumbushane kwanza sisi tumetoka wapi na mashamba makubwa.

Mashamba makubwa ya kwetu

Wazee waliopo hapa hawahitaji sisi tuwafundishe. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, ile iliyoitwa CNKi, na kuipa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana katika Kivu ili igawie wazungu waliotaka kulima. Kahawa, chai, kinini na pareto vikapandwa kwenye vilima ambavyo babu zetu walilima mtama na maharagi. Mkubwa wa mashamba wa wakati ule alikuwa na vitu viwili: karatasi ya ardhi, na kapita wa kuhesabu watu asubuhi.

Tarehe 20 Julai 1973 sheria mpya ya ardhi ikasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa ardhi ya kimila, ile ambayo sisi wengi tunalima, sheria ilisema kwamba amri ya Rais itakuja kueleza haki zake. Amri hiyo haikuja. Kisha tarehe 30 Novemba mwaka huohuo ikatangazwa zairianisation, na mashamba ya wageni yakagawiwa raia wa Zaire, wengi wao watu wenye cheo au wenye rafiki mwenye cheo. Mkubwa akabadilika, na konsesio ikabaki konsesio. Mashamba mengi yaliachwa yakawa kichaka, mengine yakageuzwa malisho ya ng'ombe. Mkulima aliyekaa pembeni akabaki kuomba ruhusa ya kulima msimu mmoja, na kulipa kwa salongo: siku kadhaa kila wiki kwenye shamba la mwenye konsesio kabla hajagusa lake.

Mtu asifikiri haya ni ya zamani tu. Mwaka 2014 serikali yetu ilizindua bustani kubwa ya kilimo kule Bukanga Lonzo, upande wa Kinshasa, hekta 80,000, na trakta mpya zimepangwa kwa mstari. Ilisemwa italisha mji mkuu. Kufika mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Mwaka 2020 wakaguzi wa fedha wa Serikali, IGF, walitoa ripoti kwamba katika dola milioni 285 zilizotumika, milioni 205 zilipotea njia. Mwezi wa Mei 2025 Mahakama ya Katiba ikamhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Matata Ponyo, miaka kumi ya kazi ngumu juu ya kesi hiyo. Trakta zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, pesa ilikuwepo. Mkulima peke yake njo hakuwepo kwenye meza pale hesabu zilipofanywa.

Hivyo tukisema "tunahitaji mkubwa wa shamba kubwa", tuulizane: mkubwa wa namna gani?

Mtu wa Gatundu

Mtu tuliyemleta ni Mkenya. Anaitwa Charles Karanja, mzaliwa wa upande wa Gatundu, katika Kiambu. Tangu mwaka 1970 mpaka 1981 alikuwa meneja mkuu wa shirika la chai linaloitwa KTDA, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Katika miaka yake KTDA ilikuwa moja ya kazi kubwa za kilimo katika Afrika nzima. Lakini sikilizeni vizuri: chai ile haikuwa kwenye shamba la shirika. Ilikuwa kwenye viwanja vya watu, nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, kando ya migomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wale walipita laki moja, na ukigawanya chai yote kwa idadi yao, kila mmoja alikuwa na chini ya nusu hekta. Nusu hekta! Kuko wanachama hapa wenye zaidi ya hiyo.

Tuelewe kwanza ilitoka wapi. Chai ya Kenya ilianza kama kahawa yetu ya Kivu. Kule Kericho, makampuni ya Uingereza kama Brooke Bond na James Finlay yalipanda chai kwenye maelfu ya hekta tangu miaka ya 1920, na watu wa pale, Wakipsigis na Watalai, waliondolewa kwenye ardhi ile. Wajukuu wao wanadai haki mpaka leo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Ilisemwa kwamba hataweza, atachuma majani magumu, ataharibu jina la chai ya Kenya sokoni. Mwaka 1954, wakati vita ya Mau Mau inaendelea, ukaja mpango ulioitwa wa Swynnerton, uliofungua mlango kwa wakulima weusi kupanda mazao ya pesa. Mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kikafunguliwa Ragati, upande wa Nyeri. Mwaka 1960 likaundwa shirika la kusimamia mazao hayo, na mwaka 1964, baada ya uhuru, likageuka KTDA. Pesa ya kuanzia ilikuwa ya mkopo: shirika la maendeleo la Uingereza lililoitwa CDC, na Benki ya Dunia. Ulikuwa mkopo, siyo zawadi. Wafadhili wetu watusamehe, lakini tofauti hiyo ina maana, na tutairudilia.

Karanja alipopokea kiti, mtoto alikuwa amezaliwa tayari. Kazi yake ilikuwa kumfanya asimame. Viwanda vingi vya mwanzo vilikuwa vinaendeshwa na yale makampuni makubwa ya mashamba kwa niaba ya wakulima. Chini yake KTDA ilichukua uendeshaji huo mikononi mwake yenyewe, ikaandika na kufundisha Wakenya wa kuendesha mashine, na ikajenga viwanda vingine vingi. Mwisho wa miaka ya 1970 ikaanzishwa KETEPA, kampuni ya kupakia chai kwenye pakiti kwa soko la ndani, ili faida ya pakiti isiende yote kwa wengine. Ile chai iliyosemwa itakuwa mbaya ikafika sokoni ikauzwa kwa bei nzuri kuliko chai nyingi ya mashamba makubwa. Sababu yake si muujiza. Mama anayechuma majani yake mwenyewe anaangalia kila jani. Kibarua anayelipwa kwa uzito anaangalia uzito.

Kazi ya mkubwa ilikuwa ipi

Sasa tufike mahali penyewe. Kama Karanja hakuwa na shamba, alikuwa anaongoza nini? Tumejaribu kupunguza kwenye mambo manne, kila mmoja aweze kwenda nayo kwenye kikundi chake.

La kwanza ni mche. KTDA haikuacha kila mtu apande anachookota. Ilitoa miche kutoka kwenye vitalu vyake, na mkulima alipata kibali cha kupanda. Kulikuwa na kiasi kidogo cha kuanzia, ili gari la kukusanya majani lisitembee kilometa nyingi kwa ajili ya mtu mwenye miche ishirini. Agronomu alipita kwa mkulima, akaonyesha namna ya kupogoa na namna ya kuchuma.

La pili ni balansi. Kila eneo lilikuwa na kibanda cha kununulia, karibu kiasi kwamba mama anaweza kutembea na kikapu mgongoni. Majani yalimwagwa mezani mbele ya macho ya wote. Sheria ilikuwa majani mawili na chipukizi moja. Yaliyokomaa yalikataliwa, awe ni ya mjane, awe ni ya ndugu ya mwenyekiti. Yaliyokubaliwa yalipimwa, na mkulima akapewa karatasi yenye kilo zake. Wandugu, karatasi ile ndogo ilibeba shirika zima. Bila karatasi, hakuna anayejua anadai nini.

La tatu ni barabara na kiwanda. Jani la chai haliwezi kungoja. Likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku ileile, la sivyo linaanza kuharibika ndani ya gunia. Basi pesa ya shirika iliingia kwenye magari, barabara za chai na mashine. Vitu ambavyo mkulima mmoja hawezi kununua, lakini elfu kumi wanaweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunalisema kila siku, na kule walilipeleka mpaka kwenye chuma.

La nne ni malipo mara mbili. Kila mwezi mkulima alipata pesa kidogo kwa kila kilo, ya sabuni na ya shule. Mwisho wa mwaka, baada ya chai kuuzwa, gharama na deni kutolewa, alipata malipo ya pili kulingana na kilo zake za mwaka mzima na namna kiwanda chake kilivyouza. Mpaka leo wakulima wa Kenya wanayaita bonasi, na msimu wa bonasi ni msimu wa kuezeka nyumba na kulipa mahari. Aliyepeleka majani mazuri mengi anapata zaidi. Aliyelala anapata kidogo. Hakuna anayegawiwa sawasawa na ambaye hakuamka.

Angalieni mambo hayo manne. Hakuna mahali mkulima alitoa shamba lake. Hakuna mahali aligeuka kibarua. Ukubwa wa shirika ulikuwa kwenye vitu vinavyohitaji kuwa vikubwa: kiwanda, gari, soko, mkopo. Udogo ulibaki kwenye kitu kinachofaa kuwa kidogo: mkono wa mtu juu ya jani lake.

Pale mambo yalipokwama

Sisi hatuleti mtakatifu. Kazi ya Karanja ina upande wa pili, nao unatufaa zaidi kuliko upande mzuri.

KTDA ilikuwa na nguvu kwa sababu ya sheria. Mkulima mdogo hakuwa na ruhusa ya kuuza majani yake mahali pengine. Hiyo ilisaidia shirika kurudisha deni, maana pesa ya mkopo ilikatwa kwenye malipo kabla mkulima hajaigusa. Lakini mtu ambaye hana mlango wa pili hawezi kugombeza mwenye nyumba. Wakulima walikuwa na wajumbe wao wa kuchaguliwa, kuanzia eneo mpaka bodi, lakini meneja mkuu alitegemea zaidi wale waliomweka. Karanja alitoka upande mmoja na Rais Kenyatta, na mlango ule ulikuwa wazi kwake. Mzee Kenyatta alikufa Agosti 1978. Rais Moi akaingia, na upepo ukageuka. Mwaka 1981 Karanja akaondoka kwenye kiti.

Shirika lilibaki limesimama. Hili tulikumbuke, ni sifa kwake: aliacha vitabu, watu waliofundishwa, na mashine zinazozunguka bila yeye. Lakini tukumbuke pia kwamba wakulima laki moja hawakuulizwa kama aende au abaki. Mkubwa anayepewa kiti na ikulu, ikulu inamwondoa.

Na baada yake? Mwaka 2000 KTDA iligeuzwa kampuni ya wakulima wenyewe kupitia viwanda vyao. Leo ina wakulima zaidi ya 600,000 na viwanda zaidi ya 60. Ungesema sasa njo imekuwa yao. Lakini malalamiko hayakuisha: bonasi ya kiwanda hiki ni kubwa kuliko ya kile, gharama za makao makuu hazieleweki, viongozi wanakaa muda mrefu. Ilifika mpaka bunge la Kenya kupitisha sheria mpya ya chai mwaka 2020, na mwaka uliofuata viongozi wengi wakabadilishwa katika uchaguzi wa viwandani. Maana yake ni hii: hata ukiwa na karatasi inayosema kampuni ni yako, kama hausomi hesabu, kampuni si yako.

Kenya na sisi

Kuko mzee mmoja kwenye kikundi cha barabara ya Sake aliyetuambia: "Ninyi watu wa biro, mnapenda kutuletea mifano ya nchi zenye amani." Ana haki ya kusema hivyo. Tupime tofauti bila kujidanganya.

Wakulima wengi wa Kati ya Kenya walikuwa na hati za ardhi, maana viwanja viliandikishwa katika miaka ya 1950. Zoezi lile lilifanywa na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari, wengine wakiwa kizuizini, na kuko waliopoteza. Lakini aliyepata karatasi alipata kitu cha kusimamia. Sisi tumerudi, hasa tangu kambi za kandokando ya Goma zilipoachwa wazi Februari 2025, na wengi wetu tumekuta mtu mwingine analima, au mpaka umesogezwa, au jirani pekee aliyejua mpaka amekufa. Chai na kahawa ni mazao ya miaka mingi. Hakuna anayepanda mti wa miaka thelathini kwenye ardhi ambayo hajui kama atailala mwakani.

Tena sisi hatuna sheria ya kumlazimisha mtu auze kwa muungano. Maharagi hayahitaji kiwanda. Mama akiwa na mtoto mgonjwa atauza palepale nyumbani kwa mnunuzi anayekuja na kopo lake, lile kopo ambalo tako lake limegongwa mpaka likavimba nje ili libebe zaidi. Hatuwezi kumkataza, na hatutaki kumkataza. Kama depo yetu haimlipi kitu siku ileile, hatakuja, na hana kosa.

Lakini tusiseme pia kwamba kwetu haiwezekani. Minova si mbali. Wengi wenu mmelala pale mkiwa njiani. Katika vilima vya Kalehe wakulima waliunda SOPACDI mwaka 2003. Wakati ule kahawa ya pale ilikuwa inavushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, inabadilishwa kwa chakula na nguo, na watu wengi wamezama katika ziwa hili kwa ajili ya gunia la kahawa. SOPACDI haikununua shamba kubwa. Ilianza na kitu kilekile: mahali pa kuoshea kahawa, balansi, na mnunuzi wa ng'ambo anayelipa zaidi kwa kahawa iliyooshwa vizuri. Maelfu ya wakulima wakaingia, wa makabila tofauti ambao kabla ya hapo waliogopana. Vita imewapitia mara nyingi. Shamba kubwa moja lingekwisha siku ya kwanza, maana trakta inaibwa mara moja. Viwanja elfu tatu haviibwi vyote usiku mmoja.

Hilo tunawaomba wafadhili walisome mara mbili. Kwenye ripoti, picha ya hekta mia mbili na trakta nyekundu ni nzuri kuliko picha ya balansi chini ya paa la mabati. Tunaelewa. Lakini hatari pia inakaa mahali pamoja ikiwa mali yote imekaa mahali pamoja.

Maswali ya kupeleka kwenye vikundi

Tuseme tuko wanachama mia mbili, na kila mmoja anavuna magunia matatu ya maharagi. Hayo ni magunia mia sita. Yakiuzwa moja moja kwenye kopo, bei ni ya mwenye kopo. Yakikaa kwenye depo moja, yamechambuliwa, yamepimwa kwa kilo na kuandikwa, mfanyabiashara wa Birere au wa Bukavu lazima aje kuongea na sisi. Hilo ni shamba kubwa tayari, na hatujamwomba mtu yeyote konsesio. Tatizo letu ni kwamba halina ofisi, halina kitabu, na halina mkubwa.

Basi mkubwa tunamhitaji kweli. Tukimtafuta, tumwulize yafuatayo, awe ni wa upande wa wanaotaka shamba la pamoja au wa upande wa balansi.

Ardhi utakayotulimisha ni ya nani, kwa karatasi gani, na ya miaka mingapi? Mwenye konsesio akifa au akiuza, watoto wake wanatujua? Mkataba wa mdomo wa msimu mmoja, wenye salongo ndani yake, siyo msingi wa kuwekea pesa ya muungano mzima. Tumeona mahali ambapo watu walisafisha kichaka, wakatoa mawe, wakalima mara mbili, na mara ya tatu mwenyewe akaingiza ng'ombe.

Mwanachama akileta mazao, anapata karatasi gani mkononi siku ileile? Na asiyejua kusoma, nani anamsomea?

Anapata pesa gani siku ya kwanza, na gani baadaye? Hapa tunapendekeza sehemu ya pesa ya wafadhili iwe ya malipo ya kwanza, na irudi kwenye sanduku mazao yakiuzwa. Tulisema kwamba KTDA ilianza kwa mkopo. Mkopo unafundisha kuhesabu. Zawadi ikishaliwa, hakuna anayeuliza ilikwenda wapi, na mwaka unaofuata tuko tena na kofia mkononi.

Nani anamweka mkubwa huyo, na nani anaweza kumwondoa? Kama jibu ni mtu mmoja, awe shefu, awe mfadhili, awe sisi wa biro, basi tumejenga kiti ambacho upepo mmoja utakiangusha. Mkubwa awekwe na wanachama, kwa muda unaojulikana, na hesabu zisomwe kwa sauti kila miezi mitatu kwa Kiswahili kinachoeleweka, siyo kwa Kifaransa cha karatasi.

Na swali la mwisho: akiondoka kesho, kitu gani kinabaki? Kama kinachobaki ni deni na trakta isiyo na vipuri, hatujapata kiongozi. Kama kinachobaki ni kitabu, balansi, vijana wanaojua kupima unyevu wa mbegu, na wanunuzi wanaotujua kwa jina, hapo njo tumepata.

Wamama wametuuliza jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Katika nchi nyingi za chai, mama njo anachuma na baba njo anachukua bonasi, kwa sababu jina kwenye kitabu ni la mwenye ardhi. Kwetu wengi waliorudi ni wajane, au wanawake ambao waume zao hawajulikani walipo. Tukifungua kitabu, jina liwe la aliyeleta gunia. Tusingoje mpaka sheria ya ardhi itengenezwe ili mama alipwe kwa kilo zake.

Tunamaliza. Komite imesema vikundi vitakaa wiki tatu na maswali haya, kisha kila kikundi kitume watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, waje na jibu lililoandikwa. Walio mbali wanaoshindwa kusafiri kwa sababu ya barabara, tutapita sisi wenyewe kuchukua maneno yao kabla ya siku ya kura. Wale wenye kesi ya mpaka au ya shamba lililokaliwa, waje na mashahidi wao kwa mtu wetu wa sheria siku ya Jumanne, maana karatasi ya ardhi, hata ile ndogo ya kutambuliwa na shefu wa grupema pamoja na majirani, itahitajika kwa upande wowote mtakaochagua.

Mkutano unaendelea, na neno ni la wanachama.